Nahama Dar tarehe mosi, ndo kwanza nagundua maduka ya nguo

Mama Mkubwa shikamoo,

Naomba unisamehe mapema, barua yangu ndefu na najua wengine wanakuandikia matatizo ya kweli, ndoa zinavunjika, watu wanatapeliwa viwanja, alafu mi nakuja na habari za magauni. Ila nimekosa wa kumwambia, nikimwambia dada yangu atacheka alafu atamwambia mama.

Nina miaka 34, nimeajiriwa, ofisi yangu iko Posta na nyumbani Kimara. Mume wangu alihamia Dodoma na wizara yao 2019, yupo pale Mji wa Serikali, Mtumba (mara ya kwanza aliponitajia hilo jina nikamwambia kwahiyo mmehamishiwa kwenye mitumba, hakucheka). Mi nikabaki na watoto nasubiri uhamisho, nimeomba mpaka nikasahau kama nimeomba. Mwezi uliopita barua imetoka, natakiwa niripoti Dodoma tarehe mosi.

Sasa sikia. Mi tangu mwendokasi unaanza 2016 napanda Kimara nashuka Kivukoni, jioni napanda Kivukoni nashuka Kimara, basi, hiyo ndo Dar yangu. Nguo zangu ni Kariakoo mara mbili kwa mwaka, Krismasi na wakati shule zinafungua, unaenda mbio mbio umeshika pochi kifuani unanunua gauni bila kujaribu maana pa kujaribia hakuna, ukifika nyumbani bega linadondoka huku hipsi inabana. Mi bega langu dogo alafu chini nimejaaliwa, kwahiyo nguo ya dukani haijawahi kunikaa, nimezoea, nikajua ndo mwili wangu ulivyo mbovu. Zikizidi sana naenda Karume kuchambua mitumba.

Wiki ile ile barua ya uhamisho imetoka, mfanyakazi mwenzangu akaniomba nimchukulie mzigo Sinza. Nikashuka kituo cha Shekilango, Mama Mkubwa, kituo nilichopita kila siku asubuhi na jioni na sijawahi kukanyaga! Natembea natafuta nyumba yenyewe mvua ikaanza, nikajibanza kwenye baraza ya kaduka kamoja ka mlango mmoja, ndani kuna gauni la batiki ya kijani limetundikwa, nyuma cherehani mbili na dada mmoja anakula ubuyu. Nikauliza bei ili nisionekane nimefuata baraza tu. Akaniangalia akasema hilo la mtu, ila we bega lako dogo ngoja nikupime. Hajauliza saizi, kaangalia tu akajua. Baada ya siku nne nikaenda kuvaa, nilisimama mbele ya kioo kile kidogo machozi yakanilenga, aibu kweli, mtu mzima nalilia gauni.

Basi ndo ugonjwa ukaanza. Yule dada akanielekeza kwa mwenzake Kinondoni anayetengeneza makobazi ya shanga, wa makobazi akanielekeza kwa kijana anayeshona makoti ya kitenge, wa makoti ana shangazi yake anauza batiki anazopika mwenyewe nyumbani kwake Mwenge. Kila Jumamosi niko njiani. Maboksi hayajafungwa hata moja, watoto nawaachia jirani. Nimeshatumia 380,000, na hiyo hela, nakuomba usinigombeze sana, ilikua ni ya Fuso la kuhamishia vyombo. Baba watoto hajui. Alafu kuna duka lingine, hili silitaji, nimeacha advansi ya 60,000 ya gauni la kuagwa ofisini, wiki ya tatu sasa kila nikipiga naambiwa njoo kesho, na kuagwa kwenyewe ni Ijumaa ijayo.

Nina Jumamosi tatu zimebaki. Naumia, nikifikiria miaka yote hii vitu hivi vilikua vituo vichache kutoka kwangu na mi nimelala kwenye basi. Watu wananitisha Dodoma hakuna kitu, mafundi wa kule wanajua sare za shule na suti za wabunge tu. Nifanyaje? Niache kabisa nifunge maboksi kama mtu mzima, au nitumie hizo Jumamosi nijibebee vya kutosha? Na kama ni kwenda, niende wapi maana Dar kubwa na mi ndo nagundua sijui kitu. Na hiyo hela nimwambie mwenyewe au nikope kimya kimya nirudishe?

Mwanao wa Kimara

*

Marahaba mwanangu wa Kimara,

Kwanza nicheke kidogo alafu tuendelee. Huyo dada wa ubuyu aliyekuangalia akajua bega lako bila futi, huyo shika usimwachie, tutarudi kwake.

Tuanze na Fuso maana najua umeliweka katikati ya barua ili lipite. Halipiti. Mwambie mumeo leo, usikope. Ukikopa kwenye simu utalipa na riba juu, alafu siku ya kuhama vyombo viko nje mnapakia unapigiwa simu ya deni mbele yake na mbele ya utingo. Mpigie jioni akishakula, mwambie nimetumia laki tatu na themanini kwenye nguo, nimekosea kwa sababu ilikua na kazi yake, na nitaifidia hivi na hivi. Hapo kwenye hivi na hivi uwe na jibu. Angalia makochi ya zamani na kabati ambalo likifunguliwa misumari halifungiki tena, uza hivyo hapo hapo mtaani, na vyombo vikipungua unaweza kutafuta gari dogo au kuchangia Fuso na mwingine anayeelekea njia hiyo, waulize madereva wenyewe. Mtu aliyekaa peke yake Dodoma tangu 2019 akikusubiri hawezi kukuacha kwa magauni matano. Atanuna, siku mbili hivi.

Sasa nguo. Sikwambii uache. Hizo Jumamosi tatu tumia mbili, ya tatu ni ya maboksi na kuchukua vilivyoshonwa, na kuanzia siku kumi kabla ya kuondoka usiagize kitu chochote kipya, hata fundi akuapie kwa mama yake.

Kabla hujatoka nyumbani lakini ujue kutofautisha, maana naona umeanza kuvutwa na kila mlango wenye kioo. Dar kuna butiki za aina mbili. Kuna zile ambazo mwenye duka anapanda Kariakoo alfajiri, anachukua magauni ya China na Uturuki kwa bei ya jumla, anapiga pasi, anatundika kwenye henga nzuri chini ya taa za manjano, anawasha AC, gauni la 25,000 linakua 70,000. Sio dhambi, kodi ya fremu analipa na AC inakula umeme, ila we unayehama huna sababu ya kulipia taa. Na kuna zile wanazobuni na kushona wenyewe, hizo ndo ulizoangukia na ndo za kutafuta. Ukiingia, geuza nguo ndani nje. Angalia kama mshono umepigwa ovaloki, kama kuna bitana, kama pembeni wameacha kitambaa cha kuachia ukinenepa, na kama ni kitenge angalia pale kati kati na ubavuni maua yamekutana au yamekatana kama meno ya mtoto. Alafu uliza, hili bega mnaweza kunipunguzia hapa hapa? Akisema njoo huku ni wa kwake. Akisema dada ipo hivyo hivyo, basi kaitoa Kariakoo, na we Kariakoo unapajua.

Jumamosi ya kwanza nenda huko huko Kariakoo, ila safari hii sio mbio za Krismasi. Nenda saa mbili asubuhi kabla jua na watu hawajakolea, na usinunue hata gauni moja. Nenda Mtaa wa Uhuru kwa wauza kanga na vitenge, pale kwenye mstari wa maduka kuanzia upande wa Mnazi Mmoja. Mtu anayehama Dar abebe kitambaa, nguo iliyoshonwa inakupenda mwaka mmoja lakini pisi ya kitenge inakusubiri. Kanga chukua doti tatu nne, usome jina kabla hujalipa maana kuna mtu nilimpelekea mama mkwe wake doti ya kijembe bila kusoma, mpaka leo tunaombana msamaha. Na ushike kitambaa, usiangalie rangi tu. Kikunje kwenye kiganja ukiachie, kikibaki na mikunjo kama karatasi ni kile cha wanga, kikifuliwa mara mbili kinalegea kama leso. Tena mi nakuonea huruma, kila siku basi lako likitoka Shekilango kituo kinachofuata ni Urafiki, na jina hilo limetokana na kiwanda cha nguo cha Urafiki kilichojengwa kwa msaada wa China kikaanza kazi 1968, vizazi vizima hapa vimevaa kanga na vitenge vya pale, na we ulikua unapita umesinzia mdomo wazi.

Jumamosi ya pili ndo Sinza yako. Shuka Shekilango, tembea kwa miguu hiyo barabara ya Shekilango yote mpaka Bamaga. Ndiyo, kwa miguu, ukipanda bajaji utaona mabango tu. Zile fremu kubwa za barabarani nyingi ni za taa na AC, wewe ukifika Sinza Mori, ukifika Afrika Sana, ingia vichochoro vya nyuma, mahali penye sauti ya cherehani na vipande vya vitambaa chini mlangoni. Fundi mwenye wateja hana muda wa kufagia. Ukitokea Bamaga, Mwenge hapo karibu, unamalizia kwa yule shangazi wa batiki. Muulize akuoneshe anavyopaka nta na kuchovya rangi, kisha muulize ametumia nini kushikisha rangi na ukifua unafanyaje, sio kwa udaku, ni kwa sababu Dodoma utafua mwenyewe na hutakua na wa kumrudishia kikichuja.

Masaki na Oysterbay sikukatazi, Slipway pana vitu vizuri na upepo wa bahari bure, ila bei zile zimewekwa kwa ajili ya mtu anayelipwa kwa dola. Nenda kuangalia mishono, upige picha kichwani. Ukitaka kuona wabunifu wa hapa wanapoelekea subiri mwisho wa mwaka, Swahili Fashion Week ile aliyoianzisha Mustafa Hassanali 2008, utakua na sababu ya kurudi. Na kurudi sio kama zamani. Tangu Julai 2024 treni ya SGR inafika Dodoma, wenzio wanakunywa chai Dar na mchana wanakula Dodoma, daraja la kawaida ilianza kwa 31,000. Nakwambia hivi maana barua yako unaandika kama mtu anayepelekwa Siberia.

Sasa yule dada wa ubuyu. Usimwongezee oda, mwongezee kazi nyingine kabisa. Nenda siku ya katikati ya wiki ambayo hana foleni, mpe hela ya muda wake, mwambie akukatie mchoro wa gauni lako moja linalokukaa vizuri kwenye karatasi ngumu ya kaki, mbele, nyuma, mkono, na aandike juu yake kwa kalamu wapi ameongeza na wapi amepunguza. Hilo karatasi likunje uweke na vyeti vyako. Alafu kwenye daftari lako, sio lake, andika vipimo vyote, bega, kifua, kiuno, hipsi, kutoka bega mpaka kiuno, mzunguko wa mkono, urefu. Mafundi wanapoteza madaftari kama wanavyopoteza tarehe. Ukifika Dodoma una njia mbili, ama unampa fundi wa kule karatasi lako anafuata, ama unamtumia dada picha na hela kwa simu, yeye anashona anakabidhi mzigo kwenye basi pale Mbezi, we unapokea stendi siku hiyo hiyo au kesho yake. Watu wanatumiana samaki na madirisha ya alumini kwa basi, gauni ni nini.

Mi nakuambia habari ya karatasi kwa sababu yamenikuta. Nilipohama Tanga 1994 nilikua kama wewe, fundi wangu alikua barabara ya pili kutoka kwetu, mzee wa Kihindi mwenye miwani iliyofungwa uzi, nikamshonesha magauni manane ndani ya mwezi mmoja, yote nikayajaza kwenye begi nikajiona nimemaliza. Mwaka uliofuata nikapata mimba, nilipojifungua hata gauni moja halikupanda kupita magoti. Manane! Na yule mzee sikuwahi kumuomba vipimo wala mchoro, niliporudi nikaambiwa amekwenda kwa watoto wake nje. Kwahiyo nikisikia mtu anataka kujibebea vya kutosha nasikia kizunguzungu.

Na hivyo ulivyokwisha nunua, kabla hujavikunja vifikirie vikiwa Dodoma. Hapa Dar tunachagua nguo ya kupambana na jasho, laini, nyepesi, inapepea. Kule kukavu na kuna upepo, na upepo wa Dodoma hauna adabu. Gauni la shifoni lenye mpasuo mpaka pajani ukitoka nalo ofisini saa tisa utatembea umelishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kuku. Mwezi wa sita na wa saba usiku na asubuhi kunakua na baridi ya kweli, watu wa pwani tunaidharau tukifika tunavaa soksi na kanga mbili. Kwahiyo lile koti la kitenge la yule kijana, hiyo ni hela uliyotumia vizuri kuliko zote, hata mumeo mwambie hivyo. Lenye bitana lakini, kama hakuweka bitana lirudishe aweke wiki hii. Na nguo nyeupe gawa kwa dada yako, vumbi lile jekundu halijali sabuni gani.

Habari ya Dodoma hakuna kitu siikubali. Nani alikua anajua nyuma ya Shekilango kuna kitu? We ulipita hapo miaka yote ukaapa hakuna. Mji wenye wafanyakazi wote hao waliohamia kuanzia pale serikali ilipotangaza kuhamia 2016, wote wana harusi, kipaimara na sendoff za watoto, hauwezi kukosa mafundi. Wiki ya kwanza ukifika usiulize ofisini, ofisini watakupeleka kwa mtu wa sare. Nenda soko la Majengo, kaa kwa wauza vitenge, angalia mama aliyevaa gauni lililomkaa, mfuate, mwambie dada samahani hilo gauni kakushonea nani. Hakuna mwanamke anayekasirika akiulizwa hivyo, atakupeleka kwa mkono. Ndo ulivyofanya Dar bila kujua, dada wa ubuyu kakupeleka kwa makobazi, makobazi kwa koti, koti kwa batiki. Umeshajua njia, ulichelewa kuianza tu.

Limebaki hilo duka la njoo kesho. Simu haitakusaidia. Nenda Jumatatu asubuhi, sio Jumamosi maana Jumamosi wana wateja wapya wa kuchangamkia. Nenda na risiti au meseji ya malipo, salimia vizuri, omba kiti, ukae. Usigombe. Mwambie tu nimekuja kulisubiri gauni langu, leo nina nafasi. Toa kitabu, toa karanga, ukae pale mlangoni kila mteja anayeingia mwambie habari za asubuhi, akiuliza we ni mfanyakazi hapa mjibu hapana, nasubiri gauni langu, wiki ya tatu. Kabla ya adhuhuri kitambaa chako kitatolewa chini ya meza. Kama hakijaguswa hata mkasi, chukua kitambaa, dai 60,000 yako yote irudi, wakikupa nusu andikishana nao tarehe ya nusu nyingine kabla hujatoka kwenye kile kiti. Alafu Ijumaa nenda kuagwa na lile la batiki ya kijani, si linakukaa? Ulikua unashona jingine la nini?

Ukishatulia huko niandikie fundi gani wa Majengo anajua kushona mkono wa puto usiolala, mdogo wangu yupo Area D mwaka wa pili huu anahangaika, kila sendoff ananipigia simu analia.

Mama Mkubwa